Depresheni: nimepona mara mbili, nimeanguka mara tatu. Kuna faida kuendelea na mazungumzo ya kila mwezi na psikologe ukiwa mzima?

Fundi_wa_Katuba (mwenye uzi)

Jambo yenu wote.

Mimi ni fundi wa kushona, naishi Katuba, Lubumbashi. Miaka 41, watoto wanne. Uzi ni mrefu, mnisamehe. Jana niliandika nusu, umeme ukaenda, simu ikazima, leo naanza upya.

Nina ugonjwa ambao kwetu wanauita depresheni; ndugu wa Tanzania nadhani mnasema sonona. Mara ya kwanza ilikuwa 2017, baada ya kujifungua kitinda mimba. Mara ya pili 2021, mama yangu alipofariki. Zote mbili nilipewa vidonge, nikapata nafuu, nikaviacha, nikarudi kwenye mashine yangu. Ya tatu ni mwaka jana mwezi wa nane, na hiyo haikuja na msiba wala uzazi. Ilikuja Jumanne tu. Uzi ulikatika kwenye sindano nikashindwa kuupitisha tena. Tundu nilikuwa naliona vizuri, mkono ndio haukwenda. Dada mmoja alikuja saa tisa kuchukua robe ya arusi akanikuta bado nimeushika ule uzi, nimeushika tangu asubuhi.

Safari hii muganga aliniandikia vidonge, akanituma pia kwa psikologe, mama mmoja mwenye sauti ya chini. Nilidhani ataniuliza habari za utoto au ndoto. Hakuuliza. Swali lake la kwanza: "Kabla usingizi haujaanza kukukimbia, nyumbani kulibadilika nini, na kati yako na nani?"

Nikakosa jibu. Akasema nimtajie watu wote wa maisha yangu mmoja mmoja: nani yuko karibu, nani mbali, napata nini kwake, natamani nini. Nikawa nachanganya majina. Kwenye mkoba nilikuwa na kopo la vifungo, nikaomba ruhusa, nikavimwaga mezani. Mimi kifungo cheupe cha shati. Mume, kikubwa cheusi. Watoto, vile vidogo vya nguo za kitoto. Mama nikamweka nje kabisa, nikamrudisha, nikamtoa tena. Mulamu wangu (wifi, lakini si ile ya intaneti) nikamchagulia kifungo chekundu cha koti, nikakiweka jirani yangu. Kumbe nimekiweka juu ya kile cheupe. Psikologe akatazama, akauliza, "Huyu amekukalia?" Nilicheka. Mwezi mzima nilikuwa sijacheka.

Mulamu huyo ni dada mkubwa wa mume wangu. Ndiye aliyemlea wazazi wao walipokufa, kwa hiyo kwetu ni kama mama mkwe. Alifiwa na mumewe, akaja kwetu mwezi wa sita mwaka jana. Funguo ya stoo ikahamia kwenye kitenge chake. Yeye ndiye anayesema leo bukari (ugali) na nini. Wateja wakija anawaambia, "Huyu anapenda kulala." Mume anasikia, anatazama chini. Na mimi siwezi kumjibu yaya (dada mkubwa) wake. Miezi miwili baadaye ndio ile Jumanne. Miezi miwili! Na mimi nilikuwa naapa ugonjwa umetoka hewani.

Tulizungumza kila wiki, wiki 16. Tangu mwezi wa kwanza niko mzima, nalala, nashona. Sasa psikologe anataka niendelee mara moja kwa mwezi, mwaka mzima, pengine zaidi. Mume anasema, "Weye unaenda kule kufanya nini? Si ulisha kupona? Ile franga tungenunulia unga." Na sina jibu la kumpa.

Kuna mtu humu ameendelea hivyo akiwa mzima? Ilimzuia asirudi chini?

---

Mzee_Kijiweni

Fundi wa nguo kafungua uzi. Pole mama, lakini mumeo ana hoja. Gari likishapona huliachi gereji.

---

Infirmiye_Mzee

Mzee, gari lililoharibika injini mara tatu unalirudisha kwa makanika kila mwezi hata kama linatembea. Tena unalipeleka likiwa linatembea ndiyo busara.

Mama Fundi, mimi nimekaa wodini miaka mingi, sasa nimestaafu, niko Likasi na kuku wangu. Psikologe wako hajabuni kitu. Tiba hiyo ipo na ina wenyewe. Kwa Kiswahili naiita tiba ya mahusiano. Ilianzia New Haven, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960. Waliokuwa mbele ni daktari Gerald Klerman na Myrna Weissman, mama ambaye kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Na hili ndilo umwambie mumeo: ilizaliwa kwa ajili ya watu ambao tayari wamepata nafuu. Swali lao lilikuwa, mtu aliyeinuka kwa amitriptilini, dawa ya depresheni, aendelee na dawa kwa muda gani, na je, kuzungumza kunamsaidia asianguke tena? Walifuata wanawake 150 kwa miezi 8.

Majibu yalitoka 1974, na nitakuambia kama yalivyo, sitayapaka sukari. Kilichozuia ugonjwa kurudi ni kidonge. Mazungumzo yalifanya kazi nyingine: yalitengeneza ndoa, kazi, namna mtu anavyokaa na wanawe na majirani. Na faida hiyo ilichelewa, haikuonekana mpaka miezi 6 hadi 8. Kwa hiyo mtu anayekaa vikao vinne akasema "sijaona kitu" hajadanganya, ila amechungulia sufuria kabla maji hayajachemka.

---

MkweliMchungu

Basi jibu umelitoa mwenyewe, infirmiye. Kidonge kilishinda. Anunue kidonge, aache stori.

---

Infirmiye_Mzee

Ungesubiri nimalize, kijana.

Pittsburgh, hukohuko Marekani, kulikuwa na watafiti Ellen Frank na David Kupfer. Walichukua watu 128 ambao ugonjwa umewarudia mara kwa mara, kama mama hapa, wakawafuata miaka 3. Matokeo yalichapishwa 1990. Mazungumzo yalikuwa mara moja kwa mwezi, sawasawa na anachoambiwa yeye. Kidonge, imipramini kwa dozi kamili, kilishinda tena, sikatai. Lakini wale waliokuwa na mazungumzo bila dawa walikaa muda mrefu zaidi kabla ya kuanguka kuliko wale ambao hawakuwa na dawa wala mazungumzo hayo. Sasa fikiria mwanamke anayetaka kubeba mimba, au ambaye dawa inamkausha mdomo na kumwendesha moyo mbio, au yuko mahali ambapo dawa inakatika miezi miwili ndipo ifike tena. Huyo utamwambia nini?

Halafu mwaka 1991 Frank akarudi kusikiliza kanda za vikao vile. Akakuta hivi: vikao vilivyoshikilia mada, yaani mtu na watu wake, mgonjwa alikaa karibu miaka 2 bila kuanguka. Vikao vilivyotangatanga, leo siasa, kesho mgongo unauma, hata miezi 5 haikufika. Mgonjwa wa aina ileile, saa ileile kwa mwezi. Ndiyo maana mimi huwauliza watu, "Ukienda kule mnazungumza nini hasa?"

Na mama, kama bado uko kwenye vidonge, usiviache kwa kichwa chako kama ulivyofanya 2017 na 2021. Kila ukianguka mara moja zaidi, uwezekano wa kuanguka tena unapanda. Muganga ndiye anayepunguza, polepole.

---

Fundi_wa_Katuba

Asante sana Papa. Bado navinywa, nusu ya dozi ya kwanza, muganga ndiye aliyepunguza. Sijaviacha.

Kuhusu mada, ni kweli. Kikao cha mwezi wa pili nilianza kulalamika bei ya kitenge. Psikologe alinisikiliza kidogo, akauliza, "Na mulamu anasemaje kuhusu bei ya kitenge?" Nikanyamaza. Ndiko kulikokuwa kunauma.

---

Yaya_Ruashi

Mdogo wangu, pole. Mimi niliwahi kufundishwa swali moja na sijalisahau. Kuna mtafiti, Jill Hooley, aliyefanya kazi na wagonjwa wa huzuni wenye ndoa. Mwaka 1989, yeye na John Teasdale walionyesha kwamba swali moja tu linatabiri vizuri nani ataanguka tena: "Kutoka 1 hadi 10, mwenzako anakulaumu kiasi gani?" Yaani unavyoisikia wewe lawama, hata kama yeye anasema anatania.

Jiulize kwa kila mtu wa nyumba.

---

Fundi_wa_Katuba

Yaya, nimejiuliza nikiwa nakoleza mbabula (jiko la makaa). Mulamu 9. Binti yangu mkubwa 3. Mume nilitaka kusema 2 kwa sababu hasemi kitu. Halafu nikaona mtu akisemwa vibaya mbele yako ukanyamaza, huo unyamavu nao una namba. Nikampa 6.

---

Omuganda_Masaka

Habari za Lubumbashi. Naandika kutoka Masaka, Uganda, Kiswahili changu ni cha barabarani, mvumilie.

Tiba hii kwetu imetembea vijijini. Mwaka 2002 ilifanyiwa utafiti Masaka na Rakai, vijiji 30, vya wanaume 15 na vya wanawake 15, kila kundi lililopata tiba likikutana mara moja kwa wiki, wiki 16. Waliokuwa wakiongoza makundi hawakuwa wanasaikolojia. Ni watu wa hapa, wakafundishwa wiki mbili tu. Wakati ule UKIMWI ulikuwa umemaliza nyumba. Kwa Kiluganda ugonjwa huo una maneno mawili, yo'kwekyawa, mtu kujichukia, na okwekubazida, mtu kujihurumia. Watafiti walianza na maneno hayo, hawakuja na la kwao mfukoni. Matokeo yalichapishwa 2003, na makundi yaliyopata tiba yalipona kwa kiasi kikubwa kuliko yale yasiyopata.

Lakini ninachotaka kukuambia dada ni cha baadaye. Walipofuatiliwa miezi sita baada ya tiba kwisha, walikuwa bado wako vizuri, na makundi mengi yalikuwa yameendelea kukutana yenyewe. Hakuna mtafiti, hakuna soda. Kwa hiyo hilo la "kuendelea ukiwa mzima" wanakijiji waliligundua bila kuambiwa.

---

MkweliMchungu

Bila soda? Hapo nimeamini.

---

Mama_Likelemba

Omuganda, nieleze, kwenye kundi mtu anafunguaje siri za nyumba yake mbele ya majirani? Hapa Kampemba ukisema asubuhi, jioni liko sokoni.

---

Omuganda_Masaka

Swali zuri mama. Kwanza wanawake walikaa na wanawake, wanaume na wanaume, na kiongozi wa jinsia hiyohiyo. Pili walibadilisha tiba ifanane na sisi. Ile ya Marekani ina maeneo manne: kufiwa, ugomvi na mtu wako, maisha kubadilika, na upweke wa mtu asiyejua kukaa na watu. Hilo la nne kwetu waliliondoa. Kijijini Rakai utakuwa mpweke wapi, labda chooni.

Na kwa waliofiwa kulikuwa na kazi ngumu. Tiba inataka ukumbuke mazuri na mabaya ya marehemu, na kwetu marehemu hasemwi vibaya. Ikabidi swali lizungushwe, waulize kama kuna nyakati mlipokuwa naye alikuvunja moyo. Watu wakafunguka.

---

Fundi_wa_Katuba

Omuganda, umenigusa mahali. Kifungo cha mama yangu nilipokitoa nje na kukirudisha, psikologe aliuliza kama hivyo. Nilikuwa nimemkasirikia. Aliumwa miezi minne Kolwezi kwa kaka yangu bila kuniambia, akaogopa kunipa mawazo kwa sababu ya 2017. Nilifika kwenye kilio, si kwenye kitanda. Miaka yote hiyo nilikuwa nalia kilio cha watu, cha kwangu kimekaa chini yake.

---

Baba_Kreseri

Niingie na mimi ingawa ugonjwa wangu ni mwingine. Nilikuwa mchimbaji, na ugonjwa wangu ni lutuku, pombe kali ya kienyeji. Niliacha mara tano, nikarudi mara tano, na kila mara nilirudi baada ya kugombana, si baada ya kusikia harufu ya pombe. Mshauri aliyenishika alisema jambo hilo linajulikana, Alan Marlatt wa Marekani alikuta hivyohivyo kwa waliorudia: hisia mbaya, ugomvi, na kushawishiwa na wenzako. Vitatu hivyo vinabeba sehemu kubwa ya waliorudi.

Basi akatuita mimi na bibi yangu pamoja. Zoezi lake lilikuwa la dakika mbili. Kila asubuhi namwambia, "Leo sitakunywa." Yeye anajibu, "Asante kwa kuniambia." Halafu basi. Ni marufuku yeye kutaja ya zamani, na mimi kuahidi ya kesho. Wiki ya kwanza alikuwa ananijibu amenipa mgongo, anachekecha unga. Mwezi wa tatu akageuka. Leo ni miaka minne, na bado tunasema, hata kwa simu nikiwa safarini.

---

Infirmiye_Mzee

Hiyo ni shule nyingine, ya wanandoa, iliyofanyiwa kazi sana na Timothy O'Farrell. Lakini kaka umesema sawa, mlango ni uleule.

---

Neema_ya_Bwana

Mama Fundi usisahau maombi. Ugonjwa unaorudi mara tatu una mizizi. Psikologe hang'oi mizizi.

---

Yaya_Ruashi

Dada Neema, aombe, na mulamu aombewe pia. Ila funguo ya stoo lazima mtu aizungumze kwa mdomo.

---

Furaha_Kamalondo

Samahani nauliza kando. Na kama ugomvi wenyewe ni kipigo? Kwa sababu rafiki yangu aliambiwa "mkae mzungumze" na alipigwa alipofika nyumbani.

---

Infirmiye_Mzee

Binti, umeuliza swali zito kuliko yote humu. Palipo na kipigo hatuanzi na mazungumzo ya wawili. Tunaanza na usalama: alale wapi, watoto wako wapi, nani mwingine anajua. Anayemwambia mwanamke anayepigwa aende "kurekebisha mawasiliano" hajui kazi yake. Na kwa yeyote anayesoma hapa, ukianza kuwaza kujiua usisubiri kikao cha mwezi, mwambie mtu leo hii, uende hospitali. Lubumbashi kuna kituo cha magonjwa ya akili cha Mafrere wa Charité, chenye jina la Joseph Guislain, daktari Mbelgiji wa karne ya 19.

---

Mama_Likelemba

Kuna njia ya bei nafuu? Si kila mtu ana franga ya psikologe.

---

Infirmiye_Mzee

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hii kwa makundi mwaka 2016, vikao 8, umeandikwa ili hata asiye mtaalamu aweze kuongoza akifundishwa na kusimamiwa. Nawaambia wakubwa wa vituo kila nikipata nafasi. Wananipa kiti, wananipa chai.

---

Fundi_wa_Katuba

Nimerudi. Wiki tatu zimepita, watu wawili wameniandikia pembeni kuuliza imekuwaje.

Nilienda kikao cha mwezi. Nilimsomea psikologe mambo yenu, hata ya soda. Tukafanya kile anachopenda, kuigiza. Yeye akawa mulamu, mimi nikawa mimi, na alimwiga mpaka ile namna ya kuvuta pua. Mara mbili nilianza na "Wewe unanidharau," akanisimamisha: "Hapo ameshafunga masikio. Sema unataka nini." Mara ya tatu nikasema ninachotaka. Ni kidogo mno, nikaona aibu: funguo ya stoo, na asiseme na wateja wangu.

Nyumbani nilingoja Jumapili, mume yuko, watoto wametoka. Niliketi chini, yeye kwenye kiti, kama inavyotakiwa. Nikasema, "Yaya, niko na neno. Mulilea bwana yangu, na mimi sisahau. Lakini funguo ya stoo ikikaa kwangu nitajisikia niko na nyumba. Na wateja, muniachie mimi."

Mama yangu! Kimya. Akasema kumbe nimemfanya mgeni. Akasema tangu mumewe afe hakuna mahali anaposhika kitu kikawa chake, hata sufuria. Akalia. Mimi nilijiandaa kwa matusi, kwa machozi sikujiandaa. Hapo ndipo mume wangu, ambaye sijawahi kumsikia akiingilia maneno ya wanawake wawili, akasema: "Yaya, funguo irudi kwake. Na kona ya veranda tutakufungia, uuze makala (makaa), ikuwe yako." Sijui alilifikiria lini.

Haijaisha. Funguo ilirudi Jumatano, si Jumapili, na alinirushia kwenye kitambaa nilichokuwa nakata. Siku mbili hakula nilichopika. Juzi mteja alikuja akamsalimia tu, akaendelea na makala yake. Namba yake leo ningempa 6. Ya mume 3.

Wiki iliyopita usingizi ulianza kukatika saa tisa za usiku, ile ile ya zamani. Zamani ningesubiri. Niliandika kwenye daftari la vipimo, pembeni ya kiuno cha mteja, tarehe na nani tulisemeshana naye siku hiyo. Alikuwa kaka wa Kolwezi, kuhusu jiwe la kaburi la mama. Basi nimejua kikao kijacho ni cha nani.

Mume ameuliza kama kule wanaruhusu mtu wa pili aingie. Nimemwambia nitauliza. Ameongeza, "Franga ya teksi ya bantu babili, lakini." Nimemwambia tutaenda kwa miguu, kurudi ndio teksi.

Papa Infirmiye, kuku wazima? Nina robe mbili za Jumamosi, naachia hapa.